Kolesteroli Nzuri Hainunuliwi Gulioni



Siku hizi neno "kolesteroli" limefika mpaka vijijini kwetu. Zamani lilikuwa neno la madaktari. Sasa linasikika redioni, kwenye simu, kwenye vijiwe vya bodaboda na hata gulioni. Mmoja anasema, "Mimi nimeacha mayai, nina kolesteroli." Mwenzake anamjibu, "Mbona ipo kolesteroli nzuri? Hiyo haina neno." Na muuzaji wa dawa naye anatangaza kwa kipaza sauti: chupa moja tu inaongeza kolesteroli nzuri, inasafisha mishipa yote, na presha inakwisha!

Je, kolesteroli nzuri ipo? Ndiyo, ipo. Je, inapatikana ndani ya chupa ile? Hapana. Tutaeleza kwa nini. Tunawaomba msome polepole, na ikiwezekana msome katika kikundi, kwa sababu jambo hili si la mchezo. Wapo watu wanaoacha vidonge vyao vya presha kwa kuamini chupa kama hizo. Siku moja mtu anaanguka, mkono na mguu wa upande mmoja havifanyi kazi tena. Jembe linabaki kwa mama na watoto.

KOLESTEROLI NI NINI?

Kolesteroli ni aina ya mafuta, laini kama nta. Imo katika damu ya kila mtu, mnene na mwembamba, tajiri na maskini. Si sumu. Mwili unaihitaji. Unaitumia kujenga chembe zake na kutengeneza nyongo, ile inayosaidia kusaga mafuta ya chakula tumboni. Sehemu kubwa ya kolesteroli inatengenezwa na ini letu wenyewe. Sehemu nyingine inatoka katika vyakula kama nyama, mayai na maziwa.

Basi shida iko wapi? Shida ni pale inapokuwa nyingi kupita kiasi, ikakaa mahali pasipotakiwa.

MITUMBWI YA AINA MBILI

Mwaga mafuta kidogo kwenye kikombe cha maji. Utaona yanaelea juu, hayachanganyiki. Damu nayo ni ya majimaji. Sasa kolesteroli, ambayo ni mafuta, itasafiri vipi ndani ya damu? Lazima ipakiwe kwenye chombo.

Sisi watu wa Bonde la Kilombero tunaelewa jambo hili haraka. Mpunga hauvuki mto wenyewe. Unapakiwa kwenye mtumbwi. Mwili nao una mitumbwi yake, midogo sana, haionekani kwa macho. Iko ya aina kadhaa, lakini leo tutazame aina mbili.

Mtumbwi wa kwanza hupeleka kolesteroli sehemu zote za mwili. Kazi hiyo ni ya lazima. Lakini mitumbwi hii ikizidi, mingine hupenya na kukwama katika kuta za mishipa ya damu, na mzigo unamwagika humo humo. Ndiyo maana watu wanaiita kolesteroli mbaya.

Mtumbwi wa pili ni mdogo zaidi, na safari yake ni ya kurudi. Unapita kwenye kuta za mishipa, unaokota kolesteroli iliyozidi, unairudisha kwenye ini. Ini huigeuza kuwa nyongo au huitoa pamoja na nyongo, na sehemu yake hutoka nje kwa njia ya choo. Huu ndio unaoitwa kolesteroli nzuri.

Kumbe kolesteroli yenyewe ni ile ile! Tofauti ni mtumbwi ulioibeba na safari unayokwenda.

UKUTA WA MSHIPA UNAPOCHAFUKA

Mzigo ukimwagika kwenye ukuta wa mshipa mwaka hadi mwaka, unafanya uvimbe. Njia ya damu inakuwa nyembamba, kama mfereji wa shamba la mpunga uliojaa tope. Mwenye mshipa huo haoni kitu. Anakula, analala, anakwenda shambani. Halafu siku moja uvimbe ule unapasuka. Damu inaganda hapo na kuziba njia.

Ikizibwa njia ya kwenda kwenye misuli ya moyo, huo ni mshtuko wa moyo. Ikizibwa njia ya kwenda kwenye ubongo, hicho ni kiharusi. Kiharusi kingine hutokea mshipa wa ubongo unapopasuka na kuvuja damu. Chanzo kikubwa cha aina zote mbili za kiharusi ni presha kubwa ya damu.

Si kurogwa, wala si upepo mbaya. Ni mishipa ya damu iliyochoka kwa miaka mingi bila mwenyewe kujua.

WATAALAMU WALIJUAJE?

Huko Marekani uko mji unaoitwa Framingham. Tangu mwaka 1948 madaktari waliwafuata watu wazima zaidi ya 5,000 wa mji huo. Waliwapima, wakawauliza juu ya maisha yao, wakawapima tena na tena kwa miaka mingi. Mwaka 1977 walitoa habari muhimu: watu waliokuwa na kolesteroli nzuri kidogo ndio waliougua zaidi maradhi ya moyo. Waliokuwa nayo ya kutosha waliugua kwa nadra zaidi.

Watu wakafurahi. Wakasema, basi kazi ni rahisi! Tutengeneze dawa ya kupandisha kolesteroli nzuri, maradhi ya moyo yaishe.

Dawa zikatengenezwa. Moja iliipandisha kwa zaidi ya nusu. Ilijaribiwa kwa watu wapatao 15,000. Lakini mwaka 2006 majaribio yalisimamishwa kabla ya wakati. Kwa nini? Kwa sababu waliopewa dawa hiyo walikufa wengi kuliko ambao hawakupewa. Dawa nyingine zilizofuata nazo zilipandisha hesabu kwenye karatasi, lakini hazikuonyesha kwamba zinawakinga watu kama ilivyotarajiwa. Na siku hizi inajulikana kwamba hata kolesteroli nzuri ikiwa juu mno si dalili ya afya.

Tunajifunza nini? Kuwa na mitumbwi mingi ni jambo moja. Mitumbwi hiyo kufanya kazi yake ni jambo jingine. Ukiona nyumba yenye uwanja uliofagiwa, unajua wenyewe ni watu wa usafi. Lakini ukimnunulia jirani yako mifagio 20, uwanja wake hautakuwa safi kama hafagii. Kolesteroli nzuri kwa sehemu kubwa ni alama ya namna mtu anavyoishi: anavyokula, anavyotembea, kama havuti tumbaku, kama tumbo lake si kubwa. Dawa ilibadili alama tu.

Sasa fikiri mwenyewe. Ikiwa dawa iliyopimwa na wataalamu kwa watu 15,000 ilishindwa na kuleta vifo, chupa ya gulioni isiyopimwa na mtu yeyote itaweza wapi?

Hatusemi dawa zote hazifai. Hapana. Zipo dawa za hospitali zinazopunguza kolesteroli mbaya, na hizo zimethibitika kuokoa maisha. Ziko pia dawa za presha. Hizo hutolewa na daktari au mganga wa kituo baada ya vipimo, na mgonjwa hatakiwi kuziacha kwa shauri lake mwenyewe.

USHAHIDI WA HAPA NYUMBANI

Tusitazame Marekani tu. Hapa Tanzania pia watu walipimwa.

Katika miaka ya 1980 wataalamu, miongoni mwao Daktari Andrew Swai na Profesa Donald McLarty, walipima watu katika vijiji vya mikoa ya Kilimanjaro, Mara na huu wetu wa Morogoro. Walikuta kisukari ni kidogo sana, kama mtu 1 katika kila watu 100. Kolesteroli ya wanavijiji nayo ilikuwa chini. Wakati ule watu wengi walitembea kwa miguu, walilima kwa jembe la mkono, na mafuta ya kupikia yalikuwa ya kupimiwa kidogo kidogo.

Mwaka 2012 nchi yetu ilifanya uchunguzi mwingine kwa watu wa umri wa miaka 25 mpaka 64, wa mjini na wa vijijini. Watu 9 hivi katika kila 100 walikutwa na kisukari. Wenye presha kubwa walikuwa karibu mtu 1 katika kila watu 4. Uchunguzi huu haukufanyika sawasawa na ule wa kwanza, lakini maana yake inaeleweka. Mambo yamebadilika, jamani.

Habari nyingine inatuhusu sana sisi tunaokaa na mto. Mwaka 1996 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika wilaya ya Ludewa, ambayo sasa iko mkoa wa Njombe. Unaitwa utafiti wa Lugalawa. Watafiti kutoka Italia walilinganisha watu wa aina mbili, wote wa maisha ya kijijini: wakulima na wavuvi wasio na mambo makubwa. Wa kwanza walikaa ufukoni mwa Ziwa Nyasa, wakala samaki wengi kila siku. Wa pili walikaa milimani, wakala nafaka, maharage na mboga. Wala samaki walikuwa na presha ya chini zaidi na mafuta machache zaidi katika damu. Katika kila wala samaki 100, wenye presha kubwa walikuwa kama 3 tu. Kule milimani walikuwa kama 16.

Na Wamasai je? Katika miaka ya 1960 daktari Mmarekani George Mann aliwapima Wamasai wa Tanganyika. Walikunywa maziwa mengi na kula nyama, lakini kolesteroli yao ilikuwa chini na maradhi ya moyo yalikuwa nadra. Baadaye, mwaka 1972, ilitolewa taarifa ya mioyo 50 ya Wamasai waliofariki. Mishipa yao ilikuwa na mafuta kwenye kuta, lakini ilikuwa mipana, damu ikapita. Watafiti walifikiri kwamba upana ule ulitokana na kutembea sana nyuma ya mifugo. Basi asije mtu akasema, "Na mimi nile nyama kama Mmasai," huku siku nzima amekaa juu ya pikipiki!

BONDE LETU LIMEBADILIKA

Ifakara ni mji wa baiskeli. Mama akienda sokoni, baiskeli. Mpunga ukienda mashineni, baiskeli. Miguu ilifanya kazi na moyo ulifanya kazi. Tangu daraja la Mto Kilombero lilipofunguliwa mwaka 2018 hatungoji tena kivuko, na hilo ni jambo la kushukuru sana. Bodaboda zimekuwa nyingi. Trekta na pawatila zinalima mahali pa jembe. Haya ni maendeleo, hatuyapingi. Lakini mwili uliozoea kutumika sasa umekaa.

Wakati huo huo chakula kimebadilika. Chipsi zinakaangwa kwa mafuta yaliyotumika jana na juzi mpaka yamekuwa meusi. Soda iko kila duka. Mafuta ya kupikia yanamiminwa, hayapimwi tena kwa kijiko. Sigara zinauzwa moja moja. Chumvi inaongezwa mezani kabla hata ya kuonja.

TUFANYE NINI?

1. Tuutumie mwili. Mwenye kulima kwa mkono na kuendesha baiskeli tayari anafanya mazoezi. Asiyefanya hivyo atembee kwa haraka angalau nusu saa kwa siku, siku 5 kwa wiki. Mwendo huongeza kolesteroli nzuri kidogo, hushusha presha na huzuia kisukari. Ukipanda bodaboda kwenda mbali, sawa. Kwenda kwa jirani, tembea.

2. Tuache tumbaku. Sigara hupunguza kolesteroli nzuri na kuumiza kuta za mishipa. Mtu akiacha kuvuta, kolesteroli nzuri huanza kupanda katika muda wa wiki chache. Hakuna chupa inayofanya hivyo.

3. Tule samaki wetu. Kambale na perege tunao. Tuwachemshe, tuwabanike au tuwapike mchuzi, badala ya kuwazamisha kwenye mafuta kila siku. Samaki wa chumvi tuwaloweke na kumwaga maji kabla ya kupika.

4. Tupange sahani upya. Wali ni chakula chetu na hatuwezi kuuacha. Lakini sahani yenye mlima wa wali mweupe na mchuzi kidogo pembeni huongeza mafuta ya damu, hasa kwa mtu asiyefanya kazi ya nguvu, na kolesteroli nzuri hushuka. Punguza wali kidogo. Ongeza maharage, kunde, choroko au mbaazi. Ongeza mchicha, matembele, kisamvu au mlenda. Karanga na ufuta ni vizuri pia, kwa kiasi.

5. Tuchague mafuta na tuyapime. Mafuta ya maji kama ya alizeti ni bora kuliko yale yanayoganda. Wengine wanasema mafuta ya nazi yanaongeza kolesteroli nzuri. Ni kweli, lakini yanaongeza na ile mbaya pia. Basi tui liwe la siku moja moja, si la kila mlo. Mafuta ya kukaangia yakiwa meusi, mwaga.

6. Tupunguze chumvi. Kwa mtu mzima, chumvi yote ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo katika chakula.

7. Tusinywe pombe kwa kisingizio. Ati pombe inaongeza kolesteroli nzuri! Inaweza kuongeza hesabu, lakini inapandisha presha, inaharibu ini na inamaliza fedha ya mpunga. Gongo ndiyo kabisa, inaweza kuua kwa siku moja.

JINSI YA KUSOMA KARATASI YA MAABARA

Wewe uliyejifunza kusoma, usikubali karatasi ya hospitali ikushinde. Kipimo cha kolesteroli hufanywa katika maabara za hospitali kubwa. Katika karatasi tafuta herufi hizi:

HDL: huu ni mtumbwi unaosafisha. Kwa mwanamume, chini ya 1.0 ni kidogo. Kwa mwanamke, chini ya 1.3 ni kidogo.

LDL: huu ni mtumbwi unaokwama. Kwa mtu asiye na maradhi mengine, vizuri iwe chini ya 3.0. Mwenye kisukari au maradhi ya moyo hutakiwa awe chini zaidi ya hapo.

Maabara nyingine hutumia kipimo cha namba kubwa. Hapo HDL ya mwanamume isiwe chini ya 40, na ya mwanamke isiwe chini ya 50. Ukiona namba za namna hiyo usishtuke, ni kipimo tu kimebadilika. Muulize daktari.

Na usisome mstari mmoja tu. Mtu anaweza kuwa na HDL nzuri, lakini LDL iko juu, presha iko juu, na anavuta sigara. Huyo hajapona. Kipimo cha kwanza kwa sisi wa vijijini ni presha, ambacho kinapatikana hata kwenye zahanati. Ikiwa 140 kwa 90 au zaidi, rudi upimwe tena siku nyingine na ufuate ushauri.

DALILI ZA HATARI

Mdomo kwenda upande, mkono au mguu mmoja kulegea ghafla, maneno kutoka ovyo: hicho ni kiharusi. Maumivu mazito kifuani yanayobana, yakienda mkononi, shingoni au kwenye taya, pamoja na jasho na kukosa pumzi: huo huenda ni mshtuko wa moyo. Usimpeleke mgonjwa kwa mganga wa ramli kwanza. Usimlazimishe kunywa au kumeza kitu kama mdomo umelegea. Mpeleke hospitali saa ile ile. Kila saa inayopita inapunguza nafasi ya kupona.

Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikaa kwa vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo na kufyeka vichaka. Maradhi ya wakati ule yalitokana na maji machafu na mbu, na vita hiyo bado haijaisha. Haya ya moyo yametuongezea kazi nyingine: ya sahani, ya miguu na ya sigara. Kazi hii pia haimshindi mtu aliyekubali kuianza na wenzake.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Kolesteroli nzuri na mbaya zinatofautiana kwa nini, wakati kolesteroli yenyewe ni moja?

2. Kwa nini dawa iliyopandisha kolesteroli nzuri haikuwaokoa watu?

3. Katika kitongoji chetu, nani amepima presha mwaka huu? Nani hajapima, na kwa sababu gani?

4. Nyumbani kwako chupa ya mafuta ya kupikia inakaa siku ngapi? Inaweza kukaa siku ngapi zaidi?

5. Muuzaji wa dawa akija gulioni wiki ijayo, tutamuuliza maswali gani?